Kipimo Kilichopokelewa kwa Ngoma

Nchi hii msiihangaikie kwenye ramani, haimo. Mimi mwenyewe sijafika, sina shemeji huko, wala sijawahi kula sherehe yao hata moja. Nimesimuliwa tu, nami nasimulia. Atakayesikia habari hizi akaanza kujikuna, hilo ni lake na ngozi yake.

Iliitwa Jamhuri ya Karibuni, na jina halikuwa la bure. Ziko nchi zinazosifika kwa dhahabu, nyingine kwa mpira, nyingine kwa vita. Karibuni ilisifika kwa kupokea wageni. Kwenye noti yao palichorwa sinia la pilau, na chini yake maneno ya taifa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wizara kubwa kuliko zote haikuwa ya fedha wala ya ulinzi. Ilikuwa Wizara ya Mapokezi, ambayo ilikwisha kuzimeza Wizara ya Afya, ya Maji na ya Mazingira, moja baada ya nyingine, kwa hoja kwamba mambo hayo hayana maana mpaka mgeni ayaone.

Na mgeni alipokuja, jamani, acheni tu! Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Miti ilipandwa asubuhi ikiwa mirefu tayari, ikang'olewa jioni ikapelekwa kwenye njia ambayo mgeni angepita kesho yake. Hospitalini, wagonjwa waliokohoa vibaya walipewa likizo, na waliobaki, wale wenye sura za kupendeza, wakabadilishiwa mashuka. Kwa hiyo tangu uhuru hakuna mgeni aliyewahi kuona tatizo, na kwa kuwa tatizo ambalo mgeni hakuliona lilikuwa halihesabiki, nchi haikuwa na matatizo. Wananchi walikuwa wamechoka, lakini uchovu haukuwamo kwenye ratiba.

Msidhani hayo yalikuwa ya serikali peke yake. Kila nyumba ya Karibuni, hata ile ya chumba kimoja, ilikuwa na kabati la vyombo vya wageni: sahani za maua, bilauri, jagi la kioo. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, bila kuwahi kuzilia sahani hizo. Walizifuta vumbi tu.

*

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Tausi Mkwizu, mtafiti wa Taasisi ya Vipimo. Taasisi yenyewe ilikuwa na mizani moja, nayo kila ukiihitaji unaambiwa imeazimwa na Wizara, inapima nyama ya karamu. Tausi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na uchovu wa kukaa miaka mingi mahali ambapo hakuna kinachokataliwa na hakuna kinachofanyika.

Alichotaka ni kuipima sabuni. Si sabuni yoyote, bali Sabuni ya Hongera, ile ya kijani inayonukia limau, fahari ya taifa, iliyosafirishwa mpaka ng'ambo kwenye mabafu ya watu wenye maji ya moto.

"Kila bidhaa ina unyayo wake," alizoea kusema, na wenzake walizoea kutazama saa. "Sabuni wewe unaiona kipande tu cha kuogea. Lakini kabla haijakufikia imekwisha kunywa maji ya watu, imechoma kuni za watu, na imetema uchafu wake mahali. Ukivijumlisha vyote hivyo, ndio unyayo wake juu ya ardhi. Sabuni inaweza kukutakasa wewe huku inamchafua mwenzako."

Mwenzako huyo alikuwa mama yake mzazi. Bi Siwatu aliishi Kisiwi, kijiji kilicho chini ya Kiwanda cha Hongera, kando ya mto Lukwale. Kila alfajiri kiwanda kilifungua bomba lake, na mto ukateremka na povu jeupe kutoka ukingo hadi ukingo, ukinukia limau. Mbuzi wa Kisiwi walikwisha kuyakataa maji hayo. Walisogea, wakayanusa, wakapiga chafya, wakageuza. Watu hawakuwa na jeuri ya mbuzi, waliyanywa. Mikono ya Bi Siwatu ilikuwa ikibabuka, na kila Tausi alipoishika kumwamkia, ngozi ilibaki kwenye viganja vyake yeye. Alikuwa akiikung'uta pembeni, mama asione.

Sasa kibali cha kiwanda kumwaga maji yale mtoni kilikuwa karibu kwisha, na kipya, cha miaka thelathini, kilikuwa mezani kwa Baraza la Vibali kikingoja mhuri. Sheria iliacha mlango mmoja tu. Kikipatikana kipimo kinachoonyesha kwamba maji ya Lukwale ni mabaya, mhuri haupigwi. Kisipopatikana, ni miaka thelathini. Bi Siwatu hakuwa na miaka thelathini.

Ndiyo maana Tausi aliandika andiko la kuomba fedha za utafiti, likarudishwa, akaliandika tena, likarudishwa kwa kuwa halikuwa na ukurasa wa shukrani, akaandika shukrani. Mwishowe wafadhili wa ng'ambo, ambao walianza kuona haya kuoga na sabuni wasiyoijua asili yake, walikubali. Ukaundwa Mfuko wa Utafiti wa Unyayo wa Bidhaa. Wakaahidi fedha, na pamoja na fedha, kipimo cha kisasa kabisa. Siku aliyopata habari hizo Tausi alifunga mlango wa ofisi akalia kidogo, kisha akafungua, kwa sababu palikuwa na joto.

*

Fedha zilipofika zilipokewa na Wizara ya Mapokezi, na zilipokewa vizuri mno. Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Shaweji, alimwita Tausi ofisini kwake wazigawe pamoja. Bwana Shaweji hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mpole, mnyenyekevu, akinukia udi, na hakuwahi kumjibu mtu vibaya maishani mwake. Ndiye mtu aliyemchosha Tausi kuliko wote.

"Karibu, Dakta, karibu sana. Keti. Kwanza kunywa juisi."

"Ahsante, Mkurugenzi. Nimekuja kwa ajili ya mgawanyo."

"Juisi kwanza."

Tausi akanywa juisi.

"Haya," Bwana Shaweji akavaa miwani. "Fungu la kwanza ni mahema. La pili, fulana na kofia. Kisha kikundi cha ngoma, na kikundi cha ngoma cha akiba, maana huwezi jua. Kisha kamati ya maandalizi, na kamati ya kuiandalia chai kamati ya maandalizi."

"Na utafiti?"

"Utafiti upo! Tungeusahau vipi? Umo kwenye mengineyo."

"Na mengineyo yamebaki na nini?"

Bwana Shaweji alikunja karatasi taratibu, kwa huruma ya kweli. "Dada yangu, yamebaki na moyo wa kizalendo. Lakini kipimo chenyewe kinakuja, si ndicho ulichokitaka?"

Ni kweli, ndicho alichokitaka. Akasema kimoyomoyo, wayale mahema, wavae fulana, wacheze ngoma mpaka wazimie, mradi kile kisanduku kifike mtoni. Akashukuru, akaondoka. Mlangoni alipewa kofia.

*

Kipimo kilifika kwa ndege. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio, chenye waya mrefu, na ncha ya waya ndiyo ya kuzamishwa majini. Kilikuja na kopo dogo la vidonge. Kila unapopima unatumbukiza kidonge kimoja kwenye maji, kidonge kinayeyuka, kipimo kinasoma, na papo hapo kinajitumia chenyewe jibu hewani, kwa wafadhili na kwa Baraza la Vibali, bila kupita mkononi mwa mtu. Hilo ndilo lililompendeza Tausi kuliko yote. Kisanduku kile hakikujua itifaki.

Lakini itifaki ilikijua. Sheria ya Karibuni ilisema kwamba chochote kitokacho ng'ambo kikapita uwanja wa ndege ni mgeni, na haikusema lazima kiwe na miguu. Zulia jekundu likatandikwa mpaka kwenye ngazi ya ndege. Watoto wa shule waliosimamishwa juani tangu asubuhi wakaimba. Kisanduku kikavishwa shada la maua, kikaketishwa kwenye kiti cha enzi chini ya hema, kikafunikwa kitambaa cha kudarizi kisipigwe na upepo.

Akasimama Mheshimiwa Mabruki, Waziri wa Mapokezi, Profesa wa Heshima, Balozi Mstaafu na Mlezi wa Ngoma.

"Ndugu wananchi!" alianza, akangoja makofi, yakaja. "Mgeni huyu amevuka bahari. Amevuka milima. Amekataa mialiko ya nchi nyingine, ambazo sitazitaja, majirani zetu. Kwa nini amekuja kwetu? Amekuja kwa sababu amesikia kwetu kuna vitu vya kupimika! Nami namhakikishia mbele yenu: atapima, atashiba, na atapima tena!"

Kikundi cha ngoma kikalipuka. Cha akiba nacho kikalipuka, kwa wivu.

Ili kuuzindua utafiti rasmi, Mheshimiwa akamiminiwa maji ya chupa kwenye bilauri, akatumbukiza kidonge, akazamisha waya. Kisanduku kikalia pii, kikaonyesha sifuri. Uchafu, sifuri. Watu wakasimama wakashangilia. Basi kila mwenye cheo akataka naye apige picha akipima. Mkuu wa mkoa akapima maji ya dafu. Mke wa Waziri akapima sharubati. Mwenyekiti wa kamati ya chai akapima chai. Tausi alikuwa nyuma ya hema na kofia yake mkononi, akitazama vidonge vikiyeyuka kama mama anayetazama unga wake wa mwezi ukipikiwa uji wa watu wasiomjua.

Baada ya hapo kipimo kikapelekwa Nyumba ya Wageni wa Taifa, kikalazwa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

*

Tausi akaanza safari za kwenda Nyumba ya Wageni. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, na kila alipokwenda alimkuta Bwana Shaweji barazani.

"Amepumzika," Bwana Shaweji alisema, kwa sauti ya chini.

"Mkurugenzi, kipimo hakichoki."

"Unasema hivyo kwa sababu hukusafiri naye."

Siku moja Tausi alishindwa kujizuia. "Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Hii ni ya ngapi? Naomba nikipe jembe, nikipeleke mtoni!"

Bwana Shaweji akatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Uko nyuma, Dakta. Bunge lilikwisha kuirekebisha methali hiyo. Siku hizi inasomeka: mgeni siku mbili, ya tatu mwongezee."

"Na jembe?"

"Jembe lilifanyiwa tathmini. Likaonekana linaleta taswira mbaya."

Tausi akakaa chini kwenye ngazi. Ungedhani atalia, lakini hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia. Bwana Shaweji alimwonea imani, akamwagizia juisi, na akamwambia habari njema: mgeni amepangiwa ziara rasmi mtoni Lukwale, kwenye kiwanda, Jumatatu.

*

Jumatatu hiyo, kwa heshima ya mgeni, kiwanda kilifungwa. Lile bomba lilivishwa maua mpaka likafanana na bibi arusi. Magari ya maji yalikuja tangu alfajiri yakamimina maji safi mtoni. Kikundi cha hamasa kilichota povu lililobaki kwa mabeseni, kikaenda kulimwaga nyuma ya kilima. Na kwa kuwa mto bila samaki ni aibu, Wizara ilinunua samaki sokoni ikawatia majini. Wengine walikwisha kupaliwa magamba, lakini walielea vizuri.

Tausi alisimama mbele ya Waziri, miwani imemteleza.

"Mheshimiwa, huu si mto wa kila siku. Tukipima leo tutakuwa tunapima mapokezi."

"Dakta," Mheshimiwa Mabruki alimshika bega kwa upole wa baba, "kwenu mgeni akija mnamwonyesha choo kwanza?"

Watu wakacheka. Hata Tausi mdomo ulimcheza kidogo, kwa sababu alilelewa hukohuko, na kwao mgeni akija choo kilikuwa kinazibwa kwa kanga. Kidonge kikatumbukizwa, kisanduku kikalia pii, kikasoma sifuri. Mheshimiwa akatangaza kwamba Hongera ndiyo sabuni pekee duniani isiyokanyaga chini. Baraza la Vibali nalo likatangaza kwamba litakaa Ijumaa kupiga mhuri, isipokuwa kama kitapatikana kipimo kinachosema vingine.

Kesho yake asubuhi bomba likavuliwa maua, likafunguliwa, na povu likashuka kama kawaida yake.

*

Tausi alifungua lile kopo. Kilibaki kidonge kimoja.

Hapo akafikiri, na kwa mara ya kwanza hakufikiri kama mtafiti. Alhamisi hakwenda Nyumba ya Wageni na makaratasi. Alijitanda kanga, akaenda, akaketi barazani, akaletewa juisi, akainywa yote, akaomba nyingine. Bwana Shaweji alifurahi sana.

"Mkurugenzi," akasema taratibu, "mgeni anaondoka lini?"

"Keshokutwa. Ngoma mbili zimeshapangwa."

"Na kwa wazazi amepelekwa?"

Bwana Shaweji akakaa wima.

"Nauliza tu," Tausi akaendelea, akizungusha bilauri. "Mimi ndiye niliyemwita nchini. Ndiye mwenyeji wake. Sasa mgeni wangu anakula, analala, anaondoka, na mama yangu mzazi yu hai, hajamwona hata kwa macho. Huko alikotoka atasema nini? Atasema Karibuni niliona mawaziri, lakini mama wa mwenyeji wangu sikuonyeshwa. Ila labda ndiyo mambo ya siku hizi."

Bwana Shaweji alishika kichwa. "Mungu wangu! Ingekuwa fedheha ya karne!" Palepale akaagiza gari la saa moja asubuhi kwenda Kisiwi, bila mahema, bila ngoma, ziara ya kifamilia. "Na akimaliza kusalimia atapima kidogo maji ya mama, kama ukumbusho. Hilo linaruhusiwa."

Lakini palikuwa na jambo moja. Bomba hufunguliwa alfajiri, na mpaka gari lifike Kisiwi povu lingekuwa limekwisha kuteremka, mto umejisafishasafisha. Ilibidi maji ya alfajiri yatekwe na kuwekwa. Akapiga simu kwa mama yake hapohapo, na Bwana Shaweji ameketi karibu, sikio wima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kesho nakuja. Naomba alfajiri uteke maji, ndoo moja, uyafunike vizuri, usiyamwage. Kuna..." Bwana Shaweji alikuwa anamtazama kwa macho ya itifaki. "Kuna mgeni nakuja naye. Mgeni wa serikali, ametoka ng'ambo. Anakuja kuyaonja hayo maji."

"Mgeni wa ng'ambo? Hapa kwangu? Ayaonje maji?"

"Ndiyo mama. Maji yenu ya hapo Kisiwi. Usisahau."

"Nisahau, mimi? Wewe njoo tu, mwanangu. Hutaaibika."

Tausi akakata simu. Alirudi nyumbani, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu aandike lile andiko.

*

Ijumaa Kisiwi ilikuwa imefagiwa. Bi Siwatu alisimama mlangoni na kanga mpya, amejipaka mafuta mikononi mpaka kwenye viwiko, yale mabaka yasionekane. Majirani walikuwa wameketi mkekani, kimya, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Tausi aliliona vumbi hilo. Alilishangaa kidogo, maana udongo wa Kisiwi ni mweusi, kisha mama akamkumbatia akasahau.

"Ndiye huyu?" Bi Siwatu akauliza, akikitazama kisanduku mikononi mwa Bwana Shaweji. "Mbona mdogo? Karibu baba, karibu. Ukae kwenye kiti hiki."

Kikaketishwa. Bwana Shaweji, kwa kuwa ilikuwa ziara ya kifamilia, akatoa hotuba fupi, na ilikuwa ndefu. Tausi alikuwa anatazama jua tu, anafikiria wajumbe wa Baraza wanavyovuta viti huko mjini. Bado tu. Bado kidogo tu, mama, na mhuri wao utakauka mikononi.

Maji yalikuwa mezani, yamefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Hayakuwa kwenye ndoo. Kwenye ukingo wa kitambaa ulichungulia mkono wa kioo.

Tausi alilijua jagi lile. Alilifuta vumbi utoto wake wote.

"Mama," akasema.

Bi Siwatu, akitabasamu, alivuta kitambaa. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuona maua yaliyochorwa upande wa pili wa jagi.

"Ngoja! Mkurugenzi, ngoja!"

Lakini Bwana Shaweji alikuwa amekwisha kusema bismillahi, kumimina kidogo kwenye bakuli na kukitumbukiza humo kidonge cha mwisho. Kikayeyuka. Kisanduku kikalia pii, kikasoma sifuri, na sifuri ikaruka hewani ikaenda mjini, kwa Baraza, ambako hakuna mkono ambao ungeweza kuigusa. Tausi mwenyewe ndiye aliyekisifu kwa hilo.

Majirani wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Siwatu alifunika uso kwa upande wa kanga kwa furaha.

"Mama, haya maji umeyatoa wapi?"

"Chemchemi ya mlimani, kule juu ya kiwanda. Tumekwenda wote, na mama Zuhura na kiguu chake! Tumetoka kabla ya jogoo. Tumeyachuja kwa kanga mpya, mara mbili. Kwani mabaya?"

"Nilikuomba maji ya Kisiwi, mama. Ya mtoni."

Bi Siwatu alimtazama mwanawe kama anayemtazama mtu aliyesomeshwa sana mpaka akaharibika.

"Ya mtoni? Nimpe mgeni?"

"Na nyinyi leo mmekunywa yapi?"

"Yaleyale. Chemchemi ni mbali, Tausi, nani atapanda huko kila siku? Kwani sisi ni wageni?"

Yalikuwapo mengi ya kusema, na yote yalikuwa na hasira, ila Tausi hakujua amkasirikie nani. Vidole vya mama yake vilikuwa vimechanika upya kwa kubeba ndoo mlimani, damu imechanganyika na mafuta. Nani amkaripie mtu mwenye vidole vile?

Barazani Bwana Shaweji alikuwa amemiminiwa bilauri ya pili. "Maji matamu haya, Bi mkubwa!" alisema, na alisema kweli. "Na kuna watu wanalalamika!" Majirani wakacheka kwa adabu. Mmoja wao akajikuna.

Bi Siwatu akamvuta binti yake jikoni, akamkalisha kwenye kibao karibu na mafiga. Huko birika jeusi lilikuwa linachemka. Kando yake lile jagi la kioo, lililokwisha kurudishwa ndani, lilikuwa na maji kidogo yaliyobaki.

"Umechoka wewe, nakuona. Nikupikie chai," akasema, na mkono wake ukasita katikati ya jagi na birika. Ni muda mrefu tangu binti yake aondoke nyumbani, ni dakta, ameletwa na gari la serikali, na mama hakuwa na hakika tena. Akauliza, kwa sauti ya chini, kwa heshima. "Nikupikie kwa maji ya wageni, au yetu?"

Kule mjini, bila shaka, mhuri ulikuwa umekwisha kupigwa. Tausi alivua miwani yake yenye uzi, akaifuta.

"Yetu, mama."

Akamiminiwa kwenye kikombe cha bati, kile cha zamani chenye ukingo uliobanduka. Chai ikasimamisha povu. Tausi akalipuliza likasogea upande, akanywa. Ilinukia limau, na pale nyumbani hapakuwa na mlimau.